Dawa Yenye Ila na Haki ya Mayatima

Ikadiriwe kuwa mtu wa Iringa ameshikwa na saratani ya mifupa, na maumivu yamemzidi hata hapati usingizi wala hawezi kuinama katika sala yake. Jamaa zake wampeleka hospitali, naye apewa plasta ya dawa ibandikwayo kifuani, ambayo dawa yake hupenya katika ngozi kidogo kidogo kwa muda wa saa 72. Usiku wa kwanza alala, na watu wa nyumba yake wamhimidi Mwenyezi Mungu, kwani hawakumwona akilala tangu mwezi mzima. Usiku wa pili usingizi wawa mzito, akoroma, pumzi zake zaachana mbalimbali, na alfajiri mkewe amkuta amekwisha kufa. Mke huyo asema kuwa plasta ile, tangu ilipotolewa katika karatasi yake, ilikuwa ikivuja majimaji upande mmoja. Wazee wamjibu kuwa ni amri ya Mungu, asitafute maneno. Adhuhuri maiti yazikwa, siku ya tatu matanga yaondolewa, na khabari yake yakatika. Amewacha watoto wanne, na mkubwa wao hajabaleghe.

Mfano huu ni wa kukadiria tu, kama wanazuoni wakadiriavyo mas'ala katika vitabu vya fiqhi, wala hauelekezwi kwa nyumba yo yote ijulikanayo. Plasta hizo si nyingi katika nyanda za Mbeya na Iringa; dawa ya maumivu makali ijulikanayo zaidi huko ni mofini ya maji, inywewayo kwa kipimo. Lakini ila ile ya kuvuja si ya kukadiria. Fentanili, ambayo ndiyo dawa iliyomo katika plasta hizo, ni ya jamii ya afyuni, ingawa imetengenezwa na mikono ya watu wala haikutoka katika mmea, na nguvu yake hukisiwa kuwa mara 50 hata mara 100 kuliko mofini. Huko Marekani plasta iitwayo Duragesic, mali ya Janssen, kampuni iliyo chini ya Johnson & Johnson, iliruhusiwa kuuzwa mwaka 1990. Mwaka 2004 baadhi yake ziliondolewa madukani kwa sababu ya kuvuja. Mwezi wa Februari 2008 zikaondolewa tena, kwa kuwa kifuko kilichomo ndani, chenye dawa iliyo mfano wa uji mzito, kilikutwa kina mkato kandoni. Na baina ya tarehe hizo mbili, mwaka 2005 na mwaka 2007, serikali ya huko iliwaonya waganga mara mbili juu ya vifo vya watu waliotumia plasta za namna hiyo. Jamaa za waliokufa wakaenda mahakamani. Mwaka 2007 huko Florida warithi wa kijana wa miaka 28 walihukumiwa kulipwa dola milioni 5.5, na mwaka 2008 huko Chicago jamaa za mwanamke mmoja wakahukumiwa kulipwa dola zaidi ya milioni 16.

Watu wale walipofiwa hawakukoma katika kulia, waliuliza. Basi je, Muislamu afiwapo kwa dawa yenye ila, neno lile la amri ya Mungu lamfungia mlango wa kuuliza?

Hapana shaka kuwa kila nafsi hufa kwa ajali yake, wala haitangulii saa wala haichelewi. Hiyo ni itikadi, wala haigombaniwi. Lakini tazama walivyosema Ahlu Sunna walipowajibu Muutazila: hata mtu aliyechinjwa na adui yake amekufa kwa ajali yake. Wamelisema hilo, wala hakuna mwanachuoni hata mmoja kati yao aliyeongeza kuwa kwa sababu hiyo kisasi kimeanguka au diya imeondoka. Kadari ni elimu ya Mola na uendeshaji wake. Dhamana ni hukumu aliyowawekea waja wake baina yao. Mwenye kuchanganya viwili hivi hana budi kumwachilia mwizi, kwani hata mali iliyoibiwa imeondoka kwa kadari. Na Sayyidna Omar alipofika Sargh akielekea Sham, akapata khabari ya tauni akaazimu kurudi, Abu Ubaida alimwuliza kama yuwaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Naye akamjibu kuwa yuwatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Kudai haki nako ni kadari. Ajabu ni kuwa wale wale wasemao amri ya Mungu mbele ya mjane, mtu akiwagongea gari lao katika njia ya Mbeya hawalisemi neno hilo hata kidogo, huita askari.

Likithibiti hili, lafuata swali la pili, nalo ni zito zaidi: dhamana ni ya nani? Katika mfano ule wako watu wengi: aliyeitengeneza plasta ng'ambo, aliyeiingiza nchini, aliyeiuza, mganga aliyeiandika, muuguzi aliyeibandika, na mgonjwa mwenyewe aliyekubali.

Ama mganga, imepokewa na Abu Daud na Ibn Majah kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, amemtia dhamana mtu ajitiaye uganga naye hajulikani kwa uganga. Wanazuoni wakafahamu kutokana na hayo kuwa mganga aliyesoma, akapewa ruhusa, akafanya kama wafanyavyo wenziwe bila ya kupita mpaka, hana dhamana juu ya litokealo. Ibn al-Qayyim ameieleza sehemu hii kwa urefu, akawagawanya waganga mafungu matano katika khabari ya dhamana, na mwenye kutaka na amrejee. Basi muuguzi aliyebandika plasta kwa ada yake, naye hajui kuwa ndani mna mkato, hana lawama. Mwenye lawama ni yule aliyeiona yavuja akaibandika, au aliyeambiwa na mke wa mgonjwa akamfukuza kwa ukali. Na la pili hili hutokea. Mtu wa shamba aongeapo na mwenye koti jeupe hujibiwa kwa ufupi.

Ama mtengenezaji, hapa kwahitajiwa fikira. Mafakihi husema kuwa mtendaji kwa mkono wake na msababishaji wakikutana, dhamana huwa juu ya mtendaji. Aliyechimba shimo na aliyemsukuma mtu ndani yake wakiwa wawili, msukumaji ndiye atakiwaye. Mtu aweza kusema: basi mtengenezaji ni mchimba shimo tu, na mkono uliobandika ni wa mwengine. Lakini katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu kisomwacho katika pwani hii tangu mababu, mna mas'ala ya mgeni aliyewekewa chakula chenye sumu. Mgeni ni mtu mzima mwenye akili, amekula kwa mkono wake mwenyewe, wala hakulazimishwa. Hata hivyo kwa kauli yenye nguvu mwenyeji wajibu wake ni diya, kwa kuwa mgeni hakuijua hali ya chakula. Iko kauli ya kuwa ni kisasi, na iko kauli ya kuwa hapana kitu, lakini iliyotangulia ndiyo iliyotiwa nguvu. Yaani mkono wa asiyejua haumwokoi ajuaye. Plasta hufika imefungwa katika karatasi yake, haionjwi wala haichunguliwi. Mganga na mgonjwa wote wawili ni wageni wa yule aliyeipika.

Itasemwa kuwa mwenyeji yule aliijua sumu, na mtengenezaji hakuukusudia mkato. Kweli. Kwa hivyo halisemwi hapa neno la kisasi, wala hatuhumiwi mtu kuua kwa kusudi. Lakini kukosea hakuondoi diya. Diya ya kukosea imo katika Kurani yenyewe, katika Suratun Nisaa. Na mtu ambaye bidhaa yake ilivuja mwaka 2004, ikavuja tena mwaka 2008, ni vigumu kudai kuwa jambo limemjia ghafula. Liko fungu moja gumu kuliko hayo, nalo ni la mtengenezaji aliyefanya kila la kufanywa, akapima na kukagua, kisha katika maelfu ya plasta ikapenya moja mbovu. Wako watakaosema kuwa huyo hakufanya taksiri, na msababishaji asiyefanya taksiri hadhamini. Iliyo karibu na haki, wallahu aalam, ni kuwa adhamini, kwa kanuni ya mafakihi kuwa hasara hufuata faida. Faida ya maelfu yale imeingia katika mfuko wake. Haielekei kuwa ile moja iingie katika kaburi la mtu wa Iringa na mlango ufungwe.

Na ila haiwi katika kitu tu. Huwa katika maneno pia. Plasta hii ikipata joto hutoa dawa kwa wingi zaidi, na ndiyo sababu watumiao huonywa wasiiwekee mpira wa maji moto wala kitu cho chote cha kuchoma. Nani asiyejua baridi ya Mbeya katika mwezi wa Juni na Julai? Mgonjwa huko huketi ubavuni pa jiko la mkaa tangu magharibi hata usiku mkubwa. Tena plasta ikibanduliwa baada ya siku zake husalia dawa ndani yake, na mtoto akiiokota akaibandika au akaitia kinywani hufa. Mwaka 2012 serikali ya Marekani ilitaja watoto 26 waliopatwa na plasta hizo tangu mwaka 1997, na 10 kati yao walikufa. Haya yote yameandikwa katika karatasi ndogo iliyomo bwetani, kwa herufi mfano wa sisimizi na kwa Kiingereza. Je, mwenye kuandika onyo kwa lugha asiyoijua aonywaye ameonya? Mtume alipopita sokoni alitia mkono wake katika chungu ya nafaka akakuta unyevu ndani, na mwenye mali akasema kuwa ni mvua. Hakukubaliwa udhuru huo. Aliulizwa kwa nini hakuuweka ulioloa juu, watu wauone. Mtu yule hakusema uongo. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kukahisabiwa ghushi. Onyo lililofichwa katika Kiingereza mbele ya bibi wa Kihehe ni unyevu ulio chini ya chungu.

Hapa wafanya biashara watu wa pwani walioko Iringa na Mbeya wasidhani kuwa maneno haya ni ya makampuni ya ng'ambo peke yake. Wenye maduka ya dawa muhimu, ambayo yalianzishwa kwanza mkoani Ruvuma mwaka 2003 mahali pa yale yaliyoitwa ya dawa baridi, hawakuruhusiwa kuuza dawa za jamii ya afyuni, na mwenye kuziuza kwa siri amekwisha kupita mpaka. Akidhuriwa mtu, hana pa kujificha. Tena nyanda hizo zina milango miwili ya mipaka, Tunduma na Kasumulu, na dawa ipitayo usiku haijulikani imetunzwa wapi. Hata dawa ipitayo mchana haikusalimika. Mwezi wa Aprili 2024, baada ya Nigeria kutangaza kuwa imekuta sumu katika fungu moja la dawa ya kikohozi ya watoto iitwayo Benylin, mamlaka ya dawa ya Tanzania, TMDA, nayo iliamuru fungu hilo liondolewe madukani. Mwenye dawa akasema kuwa vipimo vyake mwenyewe havikuiona sumu hiyo. Muuza duka mwenye kumcha Mungu hangoji wabishane wamalize. Huitoa dawa rafuni siku ile ile aliyosikia. Wahtasibu wa zamani, kama ilivyo katika kitabu cha Shaizari, waliwekewa milango mizima ya kuwakagua wauza dawa na wapika sharabu, kwa sababu ghushi katika nguo huonekana, na ghushi katika dawa huzikwa pamoja na aliyeinunua.

Sasa jambo la tatu, nalo ndilo lipotezalo haki kuliko yote. Mara nyingi baada ya msiba huja mtu wa heshima na bahasha, akawapa wazee rambirambi, na karatasi ya kutia dole gumba kuwa jamaa wameridhika wala hawana dai. Wazee hupokea, na husifiwa kwa kusamehe. Kusamehe ni jambo tukufu, na mwenye kusamehe haki yake ana malipo kwa Mola wake. Lakini ni haki ya nani iliyosamehewa? Diya ni mali ya warithi, hugawanywa kama mirathi. Omar mwenyewe aliona zamani kuwa mke harithi katika diya ya mumewe, mpaka Dhahhak bin Sufyan alipomjulisha kuwa Mtume alimwandikia amrithishe mke wa Ashyam katika diya ya mumewe, naye Omar akaiacha rai yake. Ikiwa Omar alirejea, ami wa mayatima wa Iringa ni nani hata asirejee? Mjane ana fungu lake, na hapana awezaye kulisamehe ila yeye. Na watoto wasiobaleghe hawana kauli ya kusamehe, wala walii wao hana ruhusa ya kuwasamehea. Kazi ya walii ni kuihifadhi mali ya yatima, si kuitolea sadaka ili asifiwe yeye. Mwenye kutia dole katika karatasi ile amesamehe kilicho chake, kama ana chake, na hicho nacho kina shaka. Kwani katika madhehebi ya Shafi, kwa kauli mpya, kumwondolea mtu deni lisilojulikana kadiri yake ni batili. Jamaa hawajui walidai nini, hawajui mtengenezaji ni nani, hawajui kuwa dawa ile ilikwisha kurejeshwa kwengineko. Wamesamehe nini?

Basi kujua kwahitaji mtu wa kujulisha, na hapa ndipo umuhimu wa msaada wa sheria. Kadhi hana nguvu katika jambo hili: Kenya na Zanzibar mahakama za kadhi zimewekewa ndoa, talaka, mirathi na mfano wake, na Tanzania Bara kadhi hana mahakama ya sheria ya nchi. Dai la namna hii huenda katika mahakama ya serikali, na Mahakama Kuu ina masjala Mbeya na Iringa. Na sheria ihukumuyo mambo haya katika nchi zilizotawaliwa na Mwingereza ina asili iliyo ibra kwa masikini. Mwezi wa Agosti 1928, katika mji wa Paisley huko Skotlandi, mwanamke aitwaye May Donoghue alikunywa soda iliyonunuliwa na rafiki yake, na katika chupa, ambayo ilikuwa nyeusi haionyeshi ndani, akatoka konokono aliyeoza. Hakuinunua yeye, basi hakuwa na mkataba na mtu. Alikuwa fukara, akaomba kusikilizwa kwa hali ya ufukara wake bila ya kuweka dhamana ya gharama, na mawakili wakamsimamia bila ya ujira. Mwaka 1932 baraza kuu la Uingereza likaamua, watatu kwa wawili, kuwa mtengenezaji ana wajibu kwa yule atakayetumia kitu chake, ijapokuwa hawajuani. Lau mawakili wale wangalitaka ujira kwanza, sheria hiyo isingalipatikana siku ile.

Marekani njia ni nyengine: wakili hasimami bure, bali hupatana na mteja achukue sehemu ya kitakachohukumiwa, na hakishinda hapati kitu. Kwa hivyo hutangaza kila mahali wakiwatafuta waliofiwa. Ujira wa kadiri isiyojulikana una maneno mengi katika fiqhi, na tamaa imechanganyika na msaada. Lakini mjane wa huko angalau husikia kuwa ana haki. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2017, Zanzibar mwaka 2018, na Kenya ilitangulia mwaka 2016. Kwa sheria ya Bara asiyejiweza aweza kupata msaada bila ya malipo, na wako wasaidizi wa kisheria waliofunzwa, ambao hawaruhusiwi kusimama mahakamani lakini huandika, huongoza na humfikisha mtu kwa wakili. Mkoani kwahitajika watu wa kazi hii, na misikiti ya Mbeya na Iringa ina vijana waliosoma.

Na asiseme mtu kuwa waliodhuriwa si Waislamu wote. Kabla ya utume Makureshi walifunga mapatano katika nyumba ya Abdalla bin Judaan kwa ajili ya mtu wa Zabid, mgeni kutoka Yemen, aliyeuza bidhaa yake Makka akanyimwa thamani yake na bwana mkubwa wa mji. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kumsimamia; alipanda juu ya mlima wa Abu Kubais akapiga kelele. Mtume alihudhuria mapatano hayo naye ni kijana, na baada ya Uislamu alisema kuwa lau angaliitwa kwa mfano wake angaliitika. Waliofunga mapatano hawakuwa Waislamu, na aliyefungiwa hakuwa wao.

Yabaki mambo machache ambayo kutoyajua hupoteza dai lililo sahihi. Kwa sheria ya Tanzania dai la madhara yasiyo ya mkataba lina muda wa miaka 3. Na ikiwa hospitali ni ya serikali, hapana budi kutoa ilani ya siku 90 kabla ya kushitaki, na siku hizo hukatwa na watu wakiwa bado katika hitima na eda. Mjane aliye katika eda hakatazwi kumweka wakili. Na ushahidi wa jambo hili ni kitu kidogo sana: ile plasta yenyewe, ikunjwe na kutiwa katika chupa mbali na watoto, na karatasi yake ya nje yenye nambari ya fungu na tarehe ya kumalizika. Bila ya nambari hiyo haijulikani ilitoka katika fungu lipi, wala mtengenezaji hawezi kuulizwa. Nayo ndiyo iokotwayo kwanza siku ya tatu, matanga yaondolewapo, nyumba ikafagiliwa na takataka za mgonjwa zikatiwa moto uani.